Vali zilizofungwa zilivyoiangusha Jumbo ya Lufthansa Embakasi

Kila anayesimama kando ya Ziwa Nakuru au Ziwa Elementaita na kumtazama mwari akitua majini huona, pengine bila kutambua, siri moja kubwa ya usafiri wa anga. Ndege huyo mzito anapoyakaribia maji hupunguza mwendo, hutanua mabawa na kuyainua kidogo upande wa mbele. Wakati uo huo, kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa, manyoya machache mafupi hunyanyuka na kuacha upenyo mwembamba. Hewa hupita katika upenyo huo, hushikamana na mgongo wa bawa, naye mwari hushuka taratibu bila kuporomoka.

Kiswahili kimempa kiumbe huyo na chombo cha chuma jina moja, na si katika jina tu wanapofanana. Ndege kubwa za abiria nazo zina vibawa vidogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ambavyo hufunguliwa wakati wa kuruka na wa kutua. Asubuhi ya Jumatano, Novemba 20, 1974, katika uwanja wa ndege wa Embakasi jijini Nairobi, ndege moja ya aina ya Boeing 747 ilijaribu kupaa huku vibawa hivyo vikiwa vimekunjwa. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa.

Huo ulikuwa mkasa wa kwanza wa vifo kuzikumba ndege za aina hiyo, maarufu kama Jumbo, tangu zilipoanza kubeba abiria mnamo Januari 1970. Jumbo mbili zilikuwa zimekwisha kuteketezwa na watekaji nyara, moja Cairo mwaka 1970 na nyingine Benghazi mwaka 1973, lakini hizo hazikuwa ajali. Dunia nzima iliitazama Nairobi ikitaka kujua ni kitu gani kilichoweza kuiangusha ndege iliyosifiwa kuwa kilele cha ufundi wa binadamu. Jibu lilipopatikana lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Injini zote nne zilikuwa zikifanya kazi na mabawa yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni hewa ndani ya mabomba fulani, kwa sababu vali za kuipitisha zilikuwa zimefungwa.

Safari hiyo ya shirika la Lufthansa, nambari 540, ilianzia Frankfurt katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo na kuelekea Johannesburg, Afrika Kusini, kupitia Nairobi. Ndege yenyewe ilisajiliwa kwa herufi D-ABYB na kupewa jina Hessen, jimbo ambalo ndani yake mna mji wa Frankfurt. Ilikuwa na umri wa takriban miaka minne, na Lufthansa ndilo lililokuwa shirika la kwanza la Ulaya kutumia Jumbo. Ilipotoka Nairobi ilibeba abiria 140 na wafanyakazi 17, watatu kati yao wakiwa katika chumba cha marubani: nahodha, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege.

Muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi ndege ilianza kukimbia katika njia ya kurukia, ikielekea kusini-magharibi, rubani msaidizi akiwa ndiye anayeiendesha. Kila kitu kilionekana cha kawaida hadi magurudumu yalipoiacha ardhi. Hapo ndege ikaanza kutetemeka kwa nguvu. Marubani walishuku kwamba huenda gurudumu moja lilikuwa halijasawazishwa vyema, wakaamua kuyakunja magurudumu. Wakati yakikunjwa, walihisi kwamba ndege haiongezi mwendo. Rubani msaidizi alishusha pua kidogo ili mwendo usipotee, na ishara ya kutahadharisha kwamba bawa linaishiwa nguvu ikatokea. Ndege ilikuwa imepanda takriban mita 30 tu.

Haikupanda tena. Ilirudi chini polepole, ikagusa vichaka na nyasi kiasi cha mita 1,120 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, kisha ikagonga barabara iliyoinuliwa juu ya usawa wa ardhi na kuvunjika. Bawa la kushoto lililipuka, na moto ukasambaa hadi kwenye kiwiliwili. Watu 98 walinusurika, wakiwamo wote watatu waliokuwa katika chumba cha marubani. Tangu magurudumu kuiacha ardhi hadi ndege kuigusa tena haikupita hata dakika moja.

Ili kuelewa kilichotokea katika sekunde hizo, inafaa kuanza na jambo ambalo abiria wengi wa matatu kati ya Naivasha na Nakuru wamelijaribu, ingawa utingo hulikataza. Mtu akitoa mkono nje ya dirisha gari likiwa kasi, kiganja kikiwa kimelala, upepo hupita bila kumsumbua. Akiinua kidogo ukingo wa mbele wa kiganja, mkono huinuka wenyewe. Akizidi kuuinua hadi kiganja kielekee kuukabili upepo, mkono hauinuki tena. Husukumwa nyuma na kutetemeka. Bawa la ndege hufuata kanuni iyo hiyo. Kadiri linavyoelekezwa juu ndivyo linavyoinua zaidi, lakini upo mpaka. Likiuvuka, hewa iliyokuwa ikiteleza kwa utulivu juu ya mgongo wake hujitenga na kuvurugika, nguvu ya kuinua hupungua ghafla, na ukinzani wa hewa huongezeka.

Mtetemo uliowashangaza marubani wa Lufthansa ulikuwa hewa hiyo iliyovurugika. Haukutoka kwenye magurudumu. Bawa lilikuwa likitoa taarifa kwamba limefika mpakani, lakini taarifa hiyo ilikuja kwa lugha ambayo hakuna aliyeitarajia wakati huo, kwa kuwa ndege ilikuwa katika mwendo ambao kwa kawaida ungetosha kabisa.

Ungetosha kama vibawa vya mbele vingekuwa vimefunguliwa. Bawa la ndege ya jeti huundwa kwa ajili ya mwendo mkali wa angani, hivyo huwa jembamba na lenye mgongo usiopinda sana. Umbo hilo halifai kwa mwendo wa chini wa kuruka na kutua. Kwa sababu hiyo wahandisi hulipa bawa uwezo wa kubadilika: vibawa vya nyuma huteremka na kulipanua, na vile vya mbele hujitokeza na kuupinda ukingo wake kuelekea chini. Vya nyuma huongeza nguvu ya kuinua. Vya mbele husogeza mbali ule mpaka wa hatari, ili bawa liweze kuelekezwa juu zaidi kabla hewa haijajitenga. Ndiyo kazi ya manyoya mafupi ya mwari.

Katika Boeing 747 rubani huvifungua vyote kwa mkono mmoja, kwa kusogeza wenzo uliopo kati yake na mwenzake. Hapa ndipo penye kiini cha mkasa wa Embakasi, kwa sababu wenzo huo mmoja huamrisha mifumo miwili isiyotegemeana. Vibawa vya nyuma husukumwa na mafuta yenye shinikizo, yaani mfumo wa haidroli. Vibawa vya mbele huendeshwa na mota zinazozungushwa na hewa yenye mgandamizo, ambayo huchotwa kutoka katika injini zenyewe na kupitishwa katika mabomba hadi kwenye mabawa. Mabomba hayo yana vali. Zikiwa wazi, hewa hufika na vibawa hufunguka. Zikifungwa, wenzo husogea kama kawaida, vibawa vya nyuma huteremka kama kawaida, na vya mbele hubaki pale pale vilipo.

Vali hizo zilikuwa chini ya usimamizi wa mhandisi wa ndege. Siku hizi kazi hiyo imekwisha katika ndege mpya za abiria, kompyuta zikiwa zimeichukua, lakini katika miaka ya 1970 mhandisi alikaa nyuma ya marubani akiukabili ubao uliojaa saa, taa na swichi. Miongoni mwa mambo mengi aliyopaswa kuyathibitisha kabla ya ndege kuondoka ni kwamba vali za hewa ya injini zimefunguliwa. Uchunguzi ulihitimisha kwamba asubuhi ile mfumo huo wa hewa haukuwa umewashwa. Mhandisi mwenyewe alishikilia katika ushahidi wake kwamba alikuwa amezifungua vali.

Zilikuwapo taa za kuonyesha hali ya vibawa vya mbele. Hata hivyo, taa ndogo katika chumba chenye mamia ya taa haimshiki mtu bega. Lazima atazame, na atazame akiwa anataka kujua, badala ya kutazama akiwa tayari anaamini kwamba mambo ni sawa. Orodha ya ukaguzi ina udhaifu huohuo wa kibinadamu. Aliyeisoma mara elfu moja na kila mara akakuta mambo yapo sawa, mara ya elfu moja na moja anaweza kujibu kwa mdomo kabla macho hayajafika. King'ora kina tabia tofauti, kwani humsumbua hata asiyetaka kusumbuliwa. Katika Jumbo ile hapakuwa na king'ora cha kuwaonya marubani kwamba wanataka kuruka ilhali vibawa vya mbele vimefungwa.

Madereva wa malori wanaopita Salgaa na Sachang'wan, ambako breki ni suala la uhai, wanaufahamu mpango ulio bora kuliko huo. Lori lenye breki za upepo likipoteza hewa, kengele hulia ndani ya kibini. Hewa ikizidi kupungua, springi zilizokuwa zikizuiwa na hewa hiyo huachilia nguvu zake na kuyafunga magurudumu. Lori lisilo na hewa haliondoki. Aliyelibuni alijiuliza swali la busara: hewa ikikosekana, ni heri chombo kifanye nini? Katika Jumbo ya 1974 hewa ilikosekana na chombo kikaruhusiwa kwenda, tena kwa mwendo wa kuruka, bila kelele yoyote.

Lipo suala jingine ambalo wakazi wa Bonde la Ufa wanalijua kwa vitendo hata wasipolitaja kwa lugha ya fizikia, nalo ni wembamba wa hewa ya nyanda za juu. Maharagwe huchelewa kuiva Nakuru kuliko Mombasa, kwa kuwa maji ya Nakuru, mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100. Lori kuukuu linalopanda kuelekea Mau Summit hutweta kuliko linavyotweta mlimani Mazeras, na si kwa sababu ya mwinuko wa barabara peke yake. Injini inavuta hewa iliyo nyepesi.

Uwanja wa Embakasi upo kiasi cha mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Bawa linalotegemea uzito wa hewa ili lipate kuinua halina budi kwenda kasi zaidi kufidia upungufu huo. Ndege yenye uzito uleule huhitaji mwendo wa ardhini ulio juu kwa karibu asilimia 8 kuliko Mombasa. Eldoret, ambako uwanja wa kimataifa umejengwa katika kimo cha zaidi ya mita 2,100, nyongeza hiyo hukaribia asilimia 11. Nakuru, penye kiwanja kidogo cha Lanet, ipo katikati. Injini za jeti nazo hudhoofika kwa sababu iyo hiyo, na hivyo ndege huchukua muda mrefu zaidi kuufikia mwendo ambao wenyewe umeongezeka. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne ilhali ya Mombasa haifiki kilomita tatu na nusu.

Haingekuwa sahihi kusema kwamba kimo cha Nairobi ndicho kilichoiangusha Hessen. Ndege nyingi nzito ziliruka Embakasi kila wiki bila tatizo, na marubani huukokotoa wembamba wa hewa kabla ya safari. Kimo kilifanya jambo moja tu: kilipunguza akiba. Injini hazikuwa na nguvu nyingi za ziada za kuivuta ndege iliyobebeshwa ukinzani wa hewa usiotarajiwa, na chini yake hapakuwa na nafasi ya kushusha pua kwa kiasi kikubwa ili mwendo uongezeke. Dawa ya bawa lililoishiwa nguvu ni kulishusha pua na kuliongezea mwendo. Katika kimo cha mita 30, dawa hiyo nayo inaweza kuua.

Uamuzi wa kukunja magurudumu pia haukusaidia, ijapokuwa ulikuwa wa kawaida na ungeweza kuchukuliwa na rubani yeyote. Magurudumu ya Jumbo yanapokunjwa, milango mikubwa hufunguka kwanza ili kuyapisha, na kwa sekunde kadhaa ukinzani wa hewa huongezeka badala ya kupungua. Aidha, ndege iliyo karibu sana na ardhi hupata msaada fulani, kwani ardhi huzuia hewa iliyo chini ya bawa isitawanyike ovyo. Msaada huo hupungua kadiri ndege inavyopanda, na huwa umekwisha inapofikia kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, ambao kwa Jumbo ile ulikuwa karibu mita 60. Hessen iliweza kuiacha ardhi kwa kuegemea msaada huo, lakini haikuweza kuendelea kupanda.

Uchunguzi ulifanywa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyovunjika mwaka 1977, na matokeo yake hayakumlenga mtu mmoja tu. Yalisema kwamba ndege ilianza kuruka vibawa vya mbele vikiwa vimekunjwa kwa sababu mfumo wa hewa unaoviendesha haukuwa umewashwa, ikaiacha ardhi bawa likiwa limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake, na marubani hawakuweza kulitambua hilo katika muda mfupi waliokuwa nao. Kisha yakataja mambo mawili makubwa yaliyochangia: kukosekana kwa onyo kuhusu hali ya vibawa vya mbele, na kutokamilishwa ipasavyo kwa orodha ya ukaguzi.

Mpangilio huo wa mambo mawili unastahili kuangaliwa kwa makini. Ingekuwa rahisi kwa wachunguzi kumtwika mhandisi mzigo wote na kufunga jalada. Mashirika ya ndege, watengenezaji na hata abiria hupenda majibu ya namna hiyo, kwa maana mtu mzembe akishaondolewa kazini wengine wote hulala usingizi. Lakini suala lililofanya kesi hii kuwa nzito ni kwamba kosa lile halikuwa geni. Matukio mawili yaliyofanana nalo yalikuwa yameripotiwa kabla ya Novemba 1974. Ndege zilikuwa zimeruka hewa ikiwa haijafika kwenye vibawa vya mbele, na katika matukio hayo marubani walifanikiwa kuziokoa kabla hazijaanguka.

Kwa maneno mengine, ndege hizo zilikuwa zimekwisha kuonyesha udhaifu wao bila kudai damu. Mtu mmoja kusahau swichi ni bahati mbaya. Wafanyakazi wa safari tatu tofauti wanapojikuta katika hali ileile, ni vigumu kuendelea kuamini kwamba tatizo ni usahaulifu wa mtu. Baada ya mkasa wa Nairobi, kampuni ya Boeing iliweka katika ndege za 747 mfumo wa kuwaonya marubani iwapo vali hizo hazijafunguliwa kabla ya kuruka. Kifaa kilichohitajika hakikuwa cha ajabu, na ufundi wake ulikuwapo siku zote.

Mhandisi wa ndege alikabiliwa na mashtaka ya jinai nchini Ujerumani Magharibi. Mwaka 1981, miaka saba baada ya ajali, aliachiliwa huru.

Yaliyofuata duniani yanaonyesha kwamba king'ora nacho si mwisho wa mambo. Mnamo Agosti 16, 1987, ndege ya shirika la Northwest iliruka kutoka Detroit, Marekani, vibawa vya mbele na vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Ilikuwa na mfumo wa onyo, lakini mfumo huo haukuwa ukipata umeme. Watu 156 walikufa, wawili kati yao wakiwa ardhini, na katika ndege alinusurika mtoto mmoja pekee. Mwaka 1999 jijini Buenos Aires, Argentina, king'ora kililia kama kilivyobuniwa na marubani wa shirika la LAPA wakaendelea kukimbia katika njia ya kurukia. Watu 65 wakafa. Agosti 20, 2008, jijini Madrid, ndege ya Spanair ilirudia karibu yote ya Detroit, onyo likiwa kimya, na kuua watu 154.

Kwa Wakenya, mfano unaouma zaidi ni ule uliokwenda kinyume kabisa. Usiku wa Januari 30, 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310, safari nambari 431, iliondoka Abidjan, Cote d'Ivoire. Mara tu ilipoiacha ardhi, onyo la kwamba bawa linaishiwa nguvu lilianza kulia. Onyo hilo lilikuwa la uongo, kwani ndege ilikuwa ikipaa vizuri. Rubani aliyekuwa akiiendesha aliliamini, akashusha pua, na katika giza la bahari isiyo na taa ndege ikaingia majini katika muda wa nusu dakika hivi. Watu 169 kati ya 179 walikufa. Embakasi bawa lilikuwa taabani na chombo kikanyamaza. Abidjan bawa lilikuwa zima na chombo kikapiga kelele. Katika safari zote mbili, walioketi mbele walikuwa na sekunde chache tu za kuamua kama wauamini mtambo au wauamini mwili wao, na katika safari zote mbili ardhi au maji yalikuwa karibu mno.

Tangu siku hizo mafunzo ya marubani yamebadilika. Katika mitambo ya kuigiza urushaji, marubani wa leo hufundishwa kutambua bawa lililoishiwa nguvu karibu na ardhi, na pia kutilia shaka onyo lisiloafikiana na vipimo vingine. Orodha za ukaguzi husomwa na mmoja na kujibiwa na mwingine, na vibawa hutajwa ndani yake kabla ya ndege kukabidhiwa njia ya kurukia. Ndege mpya huonyesha hali ya vibawa kwenye skrini iliyo mbele ya marubani wote wawili.

Abiria naye anaweza kujionea. Akiketi dirishani karibu na bawa katika ndege ya jeti inayojiandaa kuondoka Nairobi, ataona ukingo wa mbele ukiteremka kwa utaratibu wakati ndege ingali ikitembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, na vibawa vya nyuma vikifuata au kutangulia. Asipoviona vya mbele katika ndege ndogo za rafadha, yaani zile za panga aina ya Dash 8 ambazo hutumika sana katika safari za ndani kama ile ya Eldoret, asishtuke. Mabawa yake hayana vibawa vya mbele, kwa kuwa yamechongwa tangu mwanzo kwa mwendo wa chini na yanaridhika na vya nyuma peke yake.